Pacha wa Kipara

Mgahawa wangu uko Kaloleni, na kabla sijanunua televisheni nilikuwa nauza chai na maandazi kwa watu wenye adabu. Televisheni ikaja, adabu ikaondoka. Mtu ambaye jana alikunywa chai yake kimya akanishukuru, leo anagonga meza anataka sauti iongezwe, anamwambia mwenzake aondoe kichwa, na chai yenyewe ameisahau mpaka imeota utando. Silalamiki, maana chai iliyoota utando nayo imeshanunuliwa. Nataka tu mjue nilikuwa nashughulika na watu wa aina gani mwaka ule waliporudisha "Koti la Kijivu".

Aliyekaa Arusha miaka ya sabini hahitaji kuelezwa "Koti la Kijivu" ni nini. Kwa wengine nitaeleza. Ilikuwa filamu ya ujasusi, ya Kizungu, iliyofika sinema ya mjini mwaka sabini na nne ikagoma kuondoka. Kulikuwa na mpelelezi mwenye koti la kijivu, na kwa kuwa jina lake halikumkaa mtu mdomoni, mji mzima ukamwita Koti. Adui yake alikuwa mwanamume mmoja mpole wa sauti, mwenye upara unaong'aa, naye akaitwa Kipara. Kipara alitaka kulipua bwawa kubwa na kuzamisha mji, Koti akawa anamwinda kwenye theluji. Watu walitoka Kikwe, Nduruma na Ngaramtoni kuja kuitazama, wengine kwa miguu. Vijana walishonesha makoti ya kijivu kwa mafundi wa sokoni na kuyavaa Januari, jua la utosini, wakitokwa jasho huku wamekunja uso.

Baba yangu, Mzee Twahir, ndiye aliyekuwa opareta wa sinema ile. Filamu zilikuja kwa basi, mikanda imefungwa ndani ya makopo ya bati, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuyafungua. Alikuwa mtu mkubwa bila kuonekana. Watu walijua kuwa ile nuru inayopita juu ya vichwa vyao inatoka kwake, na akipita mtaani mchana walimpisha. Kisha ikaja ruksa ya biashara, na pamoja na ruksa vikaja mitumba, mafuta ya kula ya kila rangi, na deki za video. Kila mwenye sebule akawa na sinema yake. Ile ya mjini ikafungwa, jengo likageuzwa ghala la saruji, na baba akarudi nyumbani na koti la kazi ambalo hakuna aliyelitaka. Mama alipofariki akaanza kulala mchana, uso ukutani. Ukimwuliza kitu anajibu, ana adabu, lakini anaujibu ukuta. Niliogopa ule ukuta kuliko ugonjwa wowote, kwa sababu ugonjwa ningempeleka hospitali.

Basi kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kilipotangaza kwamba "Koti la Kijivu" imetengenezwa upya huko Ulaya, sasa ni mfululizo, na kwamba itarushwa kila Jumamosi jioni, mzee wangu aliinuka kitandani. Sisemi kwa mfano. Alinyoa, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akaja mgahawani akauliza kiti chake kiko wapi. Nilimwekea kiti mbele kabisa, pembeni ya televisheni, akakaa akiwatazama watu badala ya kutazama kioo, kama bwana harusi. Kila aliyeingia alikuja kumsalimia na kumwambia mwenzake kwamba huyu ndiye aliyeishika ile yenyewe kwa mikono. Nilikuwa na furaha mpaka nikagawa maandazi ya bure, jambo ambalo watu wa Kaloleni wanalitaja hadi leo.

Juma la kwanza maoni yalikuwa ya kawaida. Jirani yangu Bi Mwanamkuu, mjane wa asili ya Pangani ambaye amekaa Arusha zaidi ya nusu ya umri wake na bado anailaumu baridi kana kwamba imeanza jana, alisema Koti huyu mpya ni mwembamba, hakulishwa. Wa zamani alikuwa na mabega. Ulijua hata risasi zikimwishia atampiga mtu kwa mkono. Mzee Solomoni, mkulima na mfugaji wa Ngaramtoni na mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye siku za Jumamosi alikuwa anakuja mjini kwa shughuli ambayo hakuna aliyewahi kuiona, alisema tatizo si mwili, tatizo ni simu ya mkononi. Koti wa zamani akitaka kuongea na wakubwa zake anatafuta kibanda cha simu, mvua inanyesha, sarafu imekwama, na Kipara yuko nyuma ya nguzo. Hapo ndipo moyo ulikuwa unakwenda mbio. Huyu wa sasa anapigiwa akiwa kitandani.

Anyesi, muuza mboga wa Nduruma, hakuwa hata amezaliwa mwaka sabini na nne, lakini alikuwa na maoni kuwashinda waliokuwapo. Yeye alichukia matangazo. Koti ananing'inia dirishani kwa vidole viwili, mara inaingia sabuni ya unga, na ikirudi filamu mtu ameshashuka yuko mezani anakula. Ameshukaje? Hakuna anayemwambia. Alidai kwamba sabuni ile hataifulia tena maisha yake yote, na mpaka leo anafulia ya kipande.

Pamoja na hayo yote, walikuwa na subira, kwa kuwa kila mtu Arusha alijua kwamba utamu wa "Koti la Kijivu" ni pacha.

Hapa nieleze tena, maana nchi nzima ilikuja kutucheka kwa ajili ya jambo hili. Katika "Koti la Kijivu" tuliyoijua sisi, filamu haijafika hata katikati Kipara anaanguka kutoka juu ya ukuta wa bwawa. Anakufa. Tulimwona amelala juu ya maji, upara juu, koti limefumuka. Watu wakapumua, wengine wakaanza kutafuta viatu. Mara mlango unafunguka, Kipara anaingia, mzima, mkavu, anaomba kahawa. Sinema nzima ilisimama. Ndipo tukaelewa kwamba walikuwa wawili, mapacha, na kwamba Koti amemuua mmoja tu na hajui. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye ngazi, na nilimwona.

Yapo mengine ambayo watu wa nje wangeona magumu, lakini sisi tuliyaelewa. Koti alimbusu mwanamke mmoja pale bwawani kama mkewe wa miaka, halafu baadaye akakutana naye kwenye treni akamwuliza jina lake. Wazee wakatufafanulia kwamba ndiyo kazi ya ujasusi, mtu unajifanya humjui hata mkeo. Mkono wake ulifungwa bendeji, ukapona, ukaumia tena ule ule; maadui walikuwa wengi. Na mwisho kabisa Koti yuko kwenye gari na yule mwanamke, wanaondoka, anageuka anatazama nyuma. Alikuwa anamtazamia pacha, ambaye hakukamatwa. Mji ulibishana miaka kuhusu alikokimbilia, na wengi walikuwa upande wa Nairobi.

Lilikuwa jambo la kweli kwetu kiasi hicho. Kule Ngaramtoni kuna mtu wa rika la Mzee Solomoni aitwaye Lomayani, aliyesombwa na mto wakati wa masika akaliliwa na ukoo mzima, kisha akaingia bomani kwake kwa miguu yake akiuliza huyo ng'ombe amechinjwa kwa ruhusa ya nani. Tangu siku hiyo jina lake ni Pacha, hadi kwenye chama cha ushirika.

Sasa katika hii ya televisheni Kipara hakufa. Juma la tatu hakufa, la nne hakufa, tena alizidi kunawiri. Solomoni alikuwa anamtazama kwa huzuni, akisema lazima huyu afe kwanza ndipo mwenzake apate nafasi ya kuingia. Na yule mwanamke, Koti alimwuliza jina kwanza, wakazoeana, wakapendana polepole, mambo ya kawaida kabisa. Bi Mwanamkuu alisema hayo hata mtaani yapo, hakuhitaji kuwashiwa televisheni. Watu wakaanza kumgeukia baba. Yeye aliyeipitisha mikononi, aseme.

Baba alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu, muda mrefu.

"Wamebadilisha," alisema. "Watu wa siku hizi hawawezi kumwua mtu mapema. Wanataka matangazo."

Jibu hilo lilimridhisha kila mtu, hasa Anyesi. Mimi niliona tu kwamba alipolisema hakumtazama mtu, nikadhani ni hasira za fundi aliyeharibiwa kazi.

Wangeishia hapo, ningekuwa na amani. Lakini kituo kile kilikuwa na kipindi kifupi cha maoni kabla ya filamu, watazamaji wanapiga simu, mtangazaji anaongea nao, nchi nzima inasikia. Solomoni akasema haiwezekani Arusha ikae kimya. Wakamchagua Bi Mwanamkuu aseme, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha Pwani na hata akikutukana unadhani amekuombea dua. Simu ya mgahawa iliburutwa mpaka katikati ya meza, waya ukapita juu ya sukari. Jumamosi hiyo, baada ya kushikwa na kukatika mara nyingi, ikaingia. Tulimsikia mara mbili, mbele yetu na ndani ya televisheni, akimweleza mtangazaji kwa heshima zote kwamba filamu ni nzuri, ila wamemwacha pacha, na watazamaji wa Arusha wanaomba arudishwe.

Mtangazaji aliuliza pacha gani. Akaelezwa. Akacheka, kijana mdogo yule, mbele ya watu wote. Akasema ile ya zamani ameitazama, hakuna pacha hata kidogo, labda huko Arusha ukungu wa Meru uliingia ndani ya sinema. Bi Mwanamkuu akamjibu kwamba tuna shahidi. Akamtaja baba kwa jina lake na jina la babu, opareta wa sinema, na kwamba amekaa hapa hapa. Mtangazaji akasema vizuri sana, mpe simu.

Nikageuka. Kiti cha baba kilikuwa kitupu, na mlango wa nyuma ulikuwa unacheza.

Kilichofuata ni aibu ambayo sikuijua kabla. Madereva wa mabasi ya Dar walikuwa wanatoa vichwa madirishani stendi wanauliza kama pacha yupo. Muuza nyama alinipimia kilo moja akaniuliza kama aniongezee ya pacha. Nilimjibu, na nilichomjibu hakiandikiki. Wengine walimtania baba mwenyewe, si kwa ubaya, lakini yeye hakuwa na ngozi ya utani tena. Alivua kanzu, akarudi kitandani, akageukia ukuta. Nilimpelekea uji, akaushukuru ukuta. Nilimlaani mtangazaji, nikalaani televisheni, na zaidi nikajilaani mwenyewe kwa kumwekea kile kiti mbele.

Mkabala na mgahawa wangu kuna duka la kukodisha kanda za video, la Najim, kijana wa karibu miaka thelathini, msafi, mwenye kujibu salamu vizuri. Jumamosi zote hizo wateja wake walikuwa kwangu, naye alikuwa anakaa mlangoni peke yake akitupiga jicho. Siku moja alivuka barabara, akaniamkia, akaniambia ameipata. Ameagiza Nairobi kanda ya "Koti la Kijivu" ya zamani, ile yenyewe, na yuko tayari kuileta na deki yake watu waione hapa hapa, Jumapili alasiri, ubishi uishe. Nilimwambia hapana. Wazee waliokuwapo wakasema ndiyo, tena kwa pamoja, maana kwao huo ulikuwa ushindi umekuja wenyewe mlangoni. Solomoni alimshika Najim mkono akambariki.

Nilikwenda kumweleza baba nikiwa na hofu. Aliniuliza, bila kugeuka, kama ni ile ya zamani kweli au ni hii mpya. Nikasema ni ile. Akakaa kitako. Akaomba maji ya kunyolea. Nikajiambia basi, naye anataka ushindi wake.

Jumapili hiyo watu walijaa mpaka nikaazima mabenchi ya madrasa, na Solomoni alikuja na benchi moja la kanisani, kwa hiyo dini zote ziliwakilishwa. Walikuja wengine kutoka Ngaramtoni ambao hawakuwahi kukanyaga kwangu. Baba alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma kabisa, karibu na jiko. Najim akasukuma kanda, ikaanza.

Sitawachosha. Koti wa zamani alikuwa na mabega kama tulivyosema, na kibanda cha simu kilikuwapo, na mvua. Watu walishangilia. Lakini Koti alikutana na yule mwanamke kwenye treni mapema, akamwuliza jina, kisha ndipo wakapendana. Bendeji ilifungwa mara moja tu. Na Kipara aliishi, akaishi, akanywa kahawa, akatoa amri, mpaka filamu inakaribia kwisha ndipo akaanguka bwawani, na alipoanguka hakurudi. Koti akapanda gari na mwanamke wake, akageuka akatazama nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu ila barabara.

Najim alisimama mbele ya kioo akasema mmeona, hakuna pacha. Alijitahidi asitabasamu, hilo nampa.

Kisha Solomoni akasema kanda hii imekatwa. Nairobi, aliongeza, na jina hilo peke yake likatosha. Minong'ono ikazunguka, vichwa vikatikisika, mtu mmoja akasema alijua tangu mwanzo, rangi ilikuwa imepauka. Najim akapandisha sauti, akasema mtu hawezi kukata kanda halafu mambo yakaenda sawasawa namna hiyo. Akaambiwa hajui Nairobi. Walikuwa wanaelekea kumtoa nje pamoja na deki yake wakati baba aliposimama kule nyuma.

"Mwacheni," alisema. "Hajakata kitu. Hakuna pacha, wala hajawahi kuwapo. Kopo la tatu lilikuja na mkanda wa sita ndani yake, na la sita lilikuja na wa tatu. Mimi nikasoma kopo, sikuutazama mkanda. Nilipoona Kipara anaanguka mapema nikajua kazi yangu imekwisha. Nilishika swichi nizime. Ndipo mkanda wa nne ukamwingiza akiwa mzima, nikasikia huko chini mnashangilia."

Akaeleza yaliyobaki polepole. Kesho yake foleni ilifika kona ya pili, na tajiri mwenye sinema, alipoambiwa, akasema asiguse kopo hata moja. Basi hakugusa. Kila siku aliweka kosa lile lile kwa mpangilio ule ule, na kila siku watu walisimama. Alisema ameona vibaya sisi tuchekwe na nchi nzima kwa ajili ya makopo mawili.

Nilikaa juu ya kreti la soda. Nilitazama nyuso zao moja moja, nikingoja ile ya kwanza itakayomcheka. Nilikuwa nimeshika mwiko, na sijui ningefanya nini nao.

Hakucheka mtu. Mzee Solomoni alikohoa, akamwuliza kwa upole, kama anavyowauliza wagomvi barazani, filamu hiyo alikuwa anaitazamia wapi.

"Chumba cha mashine," baba akasema.

Kina dirisha? Hapana, kina kitundu. Ukubwa gani? Baba akaonyesha kwa vidole. Ukubwa wa andazi. Solomoni akawageukia watu. Alisema wote tunamheshimu Bwana Twahir, lakini Bwana Twahir alikuwa juu, ameinamia mashine, anachungulia kwenye tundu la andazi. Wao walikuwa wamekaa chini, mbele, kitu chote kiko wazi. Yeye binafsi alimwona Kipara amekufa na akamwona ameingia, kwa macho haya mawili, na macho hayo hayajawahi kumdanganya hata kwenye kuhesabu mbuzi. Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Mmoja wa nyuma akasema hata yeye.

Baba alikasirika. Alisema yeye ndiye aliyeichanganya, atashindwaje kujua? Akaeleza tena makopo, kwa kidole, la tatu, la sita. Wakamsikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa. Anyesi alimletea maji. Mtu mmoja alininong'oneza kwamba tangu mama afariki mzee hajawa sawa, nimwangalie. Miaka yote hiyo alinyamaza wakamwamini. Siku aliyosema kweli wakamwonea huruma. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa nilikuwa na mwiko mkononi niliukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Bi Mwanamkuu alijitanda khanga yake vizuri, akapita katikati ya mabenchi mpaka alipo baba, akasimama mbele yake.

"Baba Najat, mimi sikuja kubishana habari za tundu," alisema, akimwita kwa jina langu. "Mwaka ule lori la mume wangu lilipinduka Makuyuni. Nilikaa eda. Siku niliyotoka, wifi yangu akanivuta sinema, akasema nikaone watu. Nikamwona yule bwana ameanguka, maji yamemchukua, nikasema hata huku nako wanakufa. Kisha mlango ukafunguka, akaingia. Ni mtu mbaya, simpendi, lakini nilipanda juu ya kiti nikapiga vigelegele peke yangu, wifi yangu akanivuta nguo kwa aibu. Nilirudi kesho yake, na juma lililofuata. Nilikuwa nakuja kumwona akiingia tu, kisha naondoka kwenda nyumbani kupika. Leo unaniambia ni kopo."

Baba alimtazama. Nilikuwa simwoni mtu mwingine mle ndani ila wao wawili. Miwani ilikuwa mkononi mwake na hakuifuta.

"Aliingia," akasema mwishowe. "Hata mimi nilimwona, kwenye kitundu."

Kisha akakaa, na Bi Mwanamkuu akakaa karibu naye kwenye benchi la kanisa. Solomoni akatangaza kwamba shahidi amekumbuka. Watu wakaanza kuinuka, wakisukumana na kuongea habari za mvua na bei ya mahindi, kama vile wametoka kwenye kikao kilichokwisha vizuri. Najim alikuwa anakunja waya za deki yake, uso umemshuka. Nilimpelekea chai na maandazi, akavila akiwa amesimama, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli mimi nilimwona huyo pacha. Nikamwambia nilikuwa kwenye ngazi, karibu kabisa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya ule mfululizo mpya. Sikujua kama baba atakuja. Alikuja amechelewa, akapita mbele, akakaa kwenye kiti chake pembeni ya televisheni. Hakuna aliyemtania na hakuna aliyempongeza, walimsogezea kikombe. Kwenye kioo Koti mwembamba alimfukuza Kipara juu ya ukuta wa bwawa, simu ikalia, ikawekwa sabuni, wakarudi, na Kipara akaanguka. Maji yakamchukua. Koti akaondoka na mwanamke wake, muziki ukapanda, yakaanza kupita majina ya waliotengeneza.

Hakuinuka mtu. Majina yakaisha, yakaja matangazo, na wao wamekaa vile vile, macho kwenye kioo, chai zimepoa. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani. Alikuwa anangoja, ingawa alijua vizuri kama mimi nilivyojua kwamba kinachofuata ni taarifa ya habari.

Sijawahi kuzima televisheni watu wakiwa bado wananunua. Siku hiyo niliizima, kwa mkono wangu. Solomoni alifungua mdomo anilaumu, kisha akaufunga, maana baba alikuwa amegeuza kiti akawatazama. Aliweka kikombe chake chini taratibu, karibu na mguu wa meza, ili asije akakipiga teke.

"Sasa," alisema, "Koti anadhani kazi imekwisha. Amekaa na wakubwa zake wanacheka. Nje kuna theluji. Huku upande wa pili kuna nyumba, kuna kijumba cha walinzi, kuna mlango."

Akanyoosha mkono kuonyesha mlango ulipo. Bi Mwanamkuu alikuwa ameshasimama.